Hesabu ya Kutajwa na Kisa cha Daktari Burkitt

Wahenga walinena ya kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga wetu hawakuzidiriki zama hizi, ambazo hata kizuri hakipati soko mpaka kiulizwe kwanza: umetajwa mara ngapi, na nani, na wapi?

Haya nayasema kwa sababu ya mgeni aliyenijia Ijumaa moja. Nilikuwa nimerudi msikitini, nimekula, nimejinyosha barazani na gazeti usoni, nikasikia hodi. Alikuwa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni daktari wa watoto katika hospitali moja ya huku kwetu pwani. Kazi yake ni katika wadi ya watoto wenye saratani, wadi ambayo wengi wetu hatuthubutu hata kupita mlangoni pake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjika?"

Akakaa, akashusha pumzi, akanieleza. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha na kutafiti katika chuo kikuu kimoja. Akaitwa, akaketishwa mbele ya wakubwa watano. Hawakumuuliza amewatibu watoto wangapi, wala wangapi katika hao wamerudi makwao wakicheza. Walimuuliza mambo mawili: ameandika makala mangapi katika majarida ya wataalamu, na makala hayo yametajwa mara ngapi na wataalamu wengine. Yeye ana makala manne. Kazi akapewa mwenzake mwenye makala arubaini.

"Basi mimi nimekata shauri," akasema. "Natoka wadini. Nitakwenda kukaa ofisini na kompyuta, nichambue takwimu zilizokusanywa na wengine. Huko mtu hutoa makala matatu au manne kwa mwaka. Wadini mwaka mzima unaweza kuishia mikononi mwa watoto ishirini, na usipate nafasi ya kuandika hata sahifa moja."

Kisha akanigeukia. "Wewe mjomba umeandika mashairi miaka thelathini. Nani aliyekuhesabia yameimbwa mara ngapi?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia anywe chai kwanza, na nikamwomba asipeleke barua yake ya kutoka wadini mpaka tuonane tena. Siku zilizofuata nimeshinda nikisoma na kuulizauliza juu ya hesabu hiyo. Niliyoyapata nayaweka hapa, maana najua wasomaji wetu wengi wana wana wao vyuoni, na huenda nao wamerudi nyumbani na uso kama ule.

HESABU ILIKOTOKA

Asili ya jambo hili si mbaya. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa ya namna mpya. Fikra aliipata kwa mawakili wa kwao, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuwaonyesha kila hukumu ya korti imetajwa na hukumu zipi zilizokuja baadaye, ili wakili asije akasimama mbele ya jaji na hukumu iliyokwisha kutanguliwa. Garfield akasema, nasi tufanye hivyo kwa sayansi. Mwaka 1964, kutoka mji wa Philadelphia, faharasa yake ikatoka. Mtafiti aliyeshika makala ya zamani aliweza sasa kujua ni nani aliyeyafuata, aliyeyaongezea na aliyeyapinga.

Kilikuwa ni chombo cha kutafutia. Watu wakakigeuza mizani ya kupimia. Jarida likapewa uzito kwa wastani wa mara ambazo makala yake ya miaka miwili iliyotangulia yametajwa. Kisha ikaja zamu ya mtu mwenyewe. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, akatoa kipimo kiitwacho alama ya h. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mwenye makala 20 yaliyotajwa angalau mara 20 kila moja, alama yake ni 20. Lakini aliyeandika makala moja tu, hata yakitajwa mara elfu kumi, alama yake ni 1. Msomaji na ashike hapo, tutaparudia.

Sisi tuliolelewa vyuoni, na chuo nisemacho ni kile cha mkeka na ubao, si hiki cha majoho, hatuoni ugeni katika kutaja kwamba fulani amepokea kwa fulani. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, haikubaliwi kwa matini peke yake. Huulizwa sanadi yake, na kila mpokezi huchunguzwa: alikuwa mkweli? Hifadhi yake ilikuwa madhubuti? Alikutana kweli na huyo anayedai kupokea kwake?

Mwalimu wetu alikuwa akitupigia mfano wa hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari ameitanguliza mwanzo wa Sahihi yake. Hadithi ile mwanzo wake ni njia moja nyembamba: ametoa Sayyidna Umar, kwake akapokea Alqama, kwake Muhammad bin Ibrahim, kwake Yahya bin Said. Ni baada ya huyo Yahya ndipo ilipoenea kwa wapokezi wengi mno. Lau wanachuoni wa kale wangalihesabu vichwa tu katika tabaka zile za mwanzo, wangaliipita. Wao waliwapima watu.

Nikiwa na mfano huo moyoni, nikamtafuta mtafiti wa saratani aliyefanya kazi si mbali na kwetu, nione yake makala yalihesabika vipi. Nikamkuta Daktari Denis Burkitt wa Kampala.

MTOTO WA MULAGO NA MTOTO WA JINJA

Burkitt alizaliwa Enniskillen, katika Ireland, mwaka 1911. Utotoni alipoteza jicho moja kwa ajali. Alisomea udaktari Dublin, na mwaka 1946 akaingia Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago mjini Kampala. Alikuwa daktari wa kupasua. Maabara hakuwa nayo.

Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita wadini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama lile, wala hakujua la kumfanyia. Wiki chache baadaye alikuwa amekwenda hospitali ya Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona nje mtoto mwingine pamoja na mamake, na uso wake umevimba vile vile. Akatoka akamchunguza, akakuta na tumboni mna uvimbe. Aliporudi Mulago akafukua majalada ya watoto waliokufa kwa saratani, akaona ya kuwa taya na tumbo vilikuwa vikifuatana mara nyingi, ila hapana aliyepata kuviweka pamoja.

Mwaka 1958 aliandika makala katika British Journal of Surgery, jarida la madaktari wa kupasua wa Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Makala hayo yakapita kimya. Waliokuwa wakishughulika na saratani hawakuwa na desturi ya kusoma jarida la visu na nyuzi. Fauka ya hayo, yeye aliudhania uvimbe ule kuwa wa namna nyingine. Ni wenzake wa Kampala waliokuwa wakichunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, waliobainisha kwamba ni saratani ya tezi za limfu.

Sasa hebu tuwachukue wale wakubwa watano waliomhoji mpwa wangu, tuwaweke Kampala mwaka 1959, na Burkitt mbele yao. Wangalimkuta mtu wa miaka 48, mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye makala yake makubwa yamepita bila ya kishindo. Nachelea wangalimshukuru kwa kuja, wakamwonyesha mlango.

MAILI ELFU KUMI

Yeye hakukaa kusubiri kutajwa. Alitengeneza vijikaratasi vyenye picha za watoto wale, akavipeleka katika hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza swali moja: je, huko kwenu mmewaona watoto kama hawa? Majibu yalipokuja akayachomeka katika ramani iliyokuwa ukutani kwake. Ramani ikaanza kuonyesha mshipi uliolizunguka bara katikati, na mkia wake ukishuka upande wa mashariki.

Mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwenda kuutafuta mwisho wa mkia ule. Walikwenda kwa motokaa kuukuu waliyoinunua pauni 250. Wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi hivi, hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali zaidi ya hamsini. Gharama zote, pamoja na bei ya gari, hazikufika pauni 700.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Hupatikana nchi za chini zenye unyevu, na hutoweka penye milima na baridi, na penye ukame. Baadaye ikaonekana kwamba mipaka hiyo ni mipaka ya malaria kali. Huku kwetu Kenya pia watoto wa maradhi haya wameonekana zaidi katika nchi za chini, kando ya ziwa la Nyanza na pwani. Hivyo habari hii si ya watu wa mbali. Baadhi ya watoto wa mpwa wangu ndio hao.

Kabla ya safari hiyo, mwezi wa Machi 1961, Burkitt alikuwa London likizoni, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein, aliyeingia baada ya kuona tangazo. Mhadhara haujesha, Epstein alikuwa amekwisha kukata shauri la kuacha alichokuwa akikishughulikia. Wakaagana Burkitt awe akimpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi Epstein hakupata kitu. Disemba 1963 ndege moja ikapotezwa njia na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na kile kipande kikafika kwa kuchelewa, maji yake yametibuka. Mwingine angalikitupa akidhani kimeoza. Yeye alikitazama kwa hadubini akaona seli hai zinaelea. Seli zile zikaoteshwa, na mwaka 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Makala ya Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr yakatoka katika The Lancet mwezi wa Machi mwaka huo. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana virusi katika saratani ya binadamu. Tazama ulinganifu huo: ni mwaka ule ule faharasa ya Garfield ilipotoka.

Na watoto je? Kampala ya siku zile haikuwa na mitambo ya kuchoma saratani kwa mionzi. Burkitt akajaribu dawa za kuua seli za saratani, ambazo zilikuwa bado ngeni, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hii kikafunguliwa Mulago, na ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

WASIOHESABIWA

Leo mtu akitaka kulitaja jina la Burkitt hana idadi ya kuikamata, kwa sababu limekuwa ni jina la maradhi yenyewe. Daktari wa Tokyo au wa Cairo huandika limfoma ya Burkitt bila ya kutaja makala yale ya 1958, kama vile msemaji atumiavyo methali pasipo kumtaja aliyeitunga. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Robert Merton wa Marekani, alilieleza jambo hili: kazi ikiisha kuwa mali ya kila mtu, huacha kutajwa. Hapo faharasa hupunguza pale ambapo ingepaswa kuongeza.

Au mtazame Yvonne Barr. Alikuwa mwanafunzi msaidizi wa Epstein. Baadaye alihamia Australia, kazi ya utafiti hakuipata, akafundisha hesabu na sayansi shuleni. Kwa kipimo cha alama ya h bibi huyu ni mtu mdogo. Ilhali virusi vyenyewe vinaitwa Epstein-Barr, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi duniani wanavyo miilini mwao.

Kisha wako wale ambao hawamo kabisa katika hesabu. Wauguzi na madaktari wa vijijini waliovipokea vijikaratasi vya Burkitt, wakaenda kutazama wadini, wakajibu kwa posta: hawana faharasa. Wala mama aliyembeba mwanawe hadi Jinja hana.

Na upande wa pili, kinachotajwa mno si lazima kiwe ugunduzi mkubwa. Mwaka 2014 jarida la Nature lilipotazama makala yaliyotajwa kuliko yote ulimwenguni, la kwanza lilikuwa andiko la Oliver Lowry na wenzake la mwaka 1951, lenye kueleza njia ya kupima kiasi cha protini. Lilikuwa limetajwa zaidi ya mara 300,000. Ni andiko lenye manufaa, mfano wa kibaba ambacho kila duka lilikihitaji. Lakini kibaba si mchele.

Tena mtu akijua anapimwa kwa idadi, huifuata idadi. Wapo wanaomkata samaki mmoja vipande kumi na kuviuza kama samaki kumi. Wapo wanaojitaja wenyewe kila sahifa, na wapo marafiki waliowekeana zamu ya kutajana. Mwaka 2013 wanasayansi wengi walitangaza azimio, liitwalo la San Francisco, la kwamba uzito wa jarida usifanywe badala ya kuisoma kazi ya mtu. Garfield mwenyewe, aliyefariki mwaka 2017, alionya kwamba faharasa yake isitumiwe kumhukumu mtu bila ya busara.

NILICHOMWAMBIA MPWA WANGU

Sitaki nieleweke kwamba hesabu haina faida. Kabla yake kazi zilikuwa zikitolewa kwa kujuana, na maskini asiye na mjomba mkubwa aliweza kuonekana kwa sababu idadi ilimsemea. Wala sisemi kwamba kuandika hakuna maana. Sir Albert Cook, aliyeianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya mwanzoni mwa karne ya 20, na kumbukumbu zao zilikutwa baadaye katika madaftari ya hospitali ile. Zilikaa madaftarini miaka mingi, na watoto waliofuata hawakupata faida yake. Elimu ni amana, na amana iliyofungiwa kabatini haijafika kwa mwenyewe.

Ndiyo maana aliporudi kwangu nilimuuliza: "Wale watoto wako, umewaandika?"

Akatoa mkobani daftari lenye jalada gumu. Ndani yake mlikuwa na watoto wote wa miaka sita: mtoto katoka kijiji gani, alikaa nyumbani siku ngapi kabla ya kuletwa, dawa gani, nani aliyerudi kwa dozi ya pili na nani aliyekosa nauli ya matatu. Nililipindua sahifa kwa sahifa. Majina mengine yalikuwa na alama ya wino mwekundu pembeni; sikuuliza maana yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "Burkitt alianza na majalada kama haya. Liandike hili. Lisipotajwa na mtu mwaka huu, litakuwapo siku atakapokuja mwenye kulitafuta. Lakini ukitoka wadini, mwaka ujao daftari hili ataliandika nani?"

Hakunijibu. Alilifunga daftari, akatazama saa, akasema zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Barua yake hajaipeleka mpaka leo ninapoandika haya, wala hajaniahidi kwamba hataipeleka. Ana haki yake; ana watoto wa kulea, na mshahara wa wadini tunaujua. Ila nawaomba wakubwa wale watano, na wengine wenye viti kama vyao, kabla ya kufungua mashine ya kuhesabu, walifungue kwanza daftari la mtu, walisome.

Nami, kwa kuwa mkono umezoea, namzawadia beti moja:

Karatasi ni alama, si mwisho wa kutambuwa,
Nenda wadini tazama, mtoto aliyepowa,
Mama yake kasimama, mwanawe amchukuwa,
Hapo ndipo pa kupima, elimu ilotumiwa.